Mabati Yangu, Nyumba Yao

Waliyafuta maneno nikiwa sokoni. Niliporudi na mfuko wangu wa vifungo na nyuzi nikakuta ukuta wa mbele wa nyumba umepigwa chokaa, kipande kimoja tu, kile ambacho kwa miaka minane kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Niliigusa, kidole kikatoka cheupe.

Kisangani maneno hayo yako kwenye kuta nyingi na kila mtu anajua kazi yake. Mwenye nyumba anayaandika ili ndugu yake, au mtoto wake, au dalali yeyote mwenye njaa, asije akaiuza kwa siri kwa mtu wa kupita. Ya kwetu aliyaagiza mwenye nyumba mwenyewe, mzee wa upande wa Isangi ambaye sisi wapangaji tulimwita papa bailleur, kama wenye nyumba wote wanavyoitwa hapa. Aliyeyaandika ni mume wangu, kwa sababu ni mwalimu na ana mwandiko mzuri. Mzee alikuwa amefariki, na hata mwaka haujaisha. Mtu hafuti maneno kama yale kwa kupenda usafi.

Mama wa chumba cha nyuma alinieleza yote kabla sijatua mfuko. Alikuwa mjane wa Yanonge, anauza samaki wa moshi kwenye soko la hapa hapa Tshopo, mtaa wetu, na chumba chake kilikuwa chini ya paa moja na vyumba vyetu, ila mlango wake ulitazama uani.

"Balikuya asubuhi," alisema. "Mutoto wa kwanza wa muzee, na komisioneri mumoja wa viatu vya kuchonga. Balipima mpaka choo. Mwanangu, nyumba inauzishwa."

Komisioneri ni dalali wa nyumba. Huyo wa viatu vya kuchonga nilimfahamu, alinishonesha suruali mbili na ya pili hakuilipa. Basi nilisimama pale uani nikatukana. Sitaandika nilichosema. Mume wangu alitoka na chaki mkononi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tumebakiwa na mkaa. Ndivyo alivyo, mtu asiyegombana hata na jogoo.

Nieleze kwa nini niliwaka. Tulikuwa tumepanga katika nyumba ile miaka kumi na mmoja, na tulipoingia haikuwa nyumba. Paa lilivuja mahali pote isipokuwa juu ya mlango. Mchwa walikuwa wamekula fremu za madirisha, ukiegemea unabaki na unga mkononi. Ukuta wa nyuma, wa matofali mabichi, ulikuwa umeanza kuinamia mtaro. Kila nilipomwendea mzee kwake Mangobo kulalamika, alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza, kisha akasema neno lile lile: "Tengeneza tu, mwanangu. Tutaelewana."

Nikatengeneza. Nilibadilisha mabati yote ya upande wa nyuma, ambayo yalifunika chumba chetu cha kulala na chumba cha mama wa samaki pia. Nikaweka mlango wa mbele wa lifaki, ile mbao nyekundu ambayo mchwa hawaipendi. Nikaweka nondo madirishani, antivol kama zinavyoitwa hapa, baada ya wezi kuniibia vitenge vya wateja. Choo tulichimba upya. Kila safari mzee alikuja, akazunguka, akapiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe, akasema nimefanya vizuri na tutaelewana. Karatasi sikuomba. Ungemwomba karatasi mzee anayekuita mwanangu? Hapa kwetu hilo ni tusi, ni kumwambia kwamba unangoja afe. Kwa hiyo alikufa bila karatasi, na mimi nikabaki na adabu zangu.

Hatukuwa na mahali pengine. Mume wangu alikuwa na shamba la baba yake kwenye barabara ya Bengamisa, na mimi zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa akina mama wa kushona, ilikuwa karibu. Usiku huo huo tukakubaliana kwamba auze shamba, tuinunue nyumba sisi. Alikubali bila kubishana, na hilo liliniumiza kuliko kama angebisha. Shamba lile ndilo kitu pekee alichoachiwa.

Wiki iliyofuata komisioneri alileta mnunuzi, mfanyabiashara wa Kivu Kaskazini mwenye duka la jumla mjini. Niliwaona wakiingia, nikaendelea kushona kwenye baraza, mguu kwenye pedali. Komisioneri alimwonyesha nyumba kana kwamba mimi ni kigoda.

"Papa, angalia mulango," alisema, akaupiga kwa vifundo vya vidole. "Lifaki! Leo hauwezi kupata hivi. Mabati ya nyuma iko bado na nguvu. Antivol iko kwa madirisha yote. Alors, ni kuingia tu na kupanga."

Nilisimamisha cherehani.

"Mwambie nani alinunua," nikasema.

"Mama, usikasirike, tuko tu kwa visite."

"Mwambie nani alinunua huo mlango. Na suruali yako ya pili umwambie nani alishona."

Mfanyabiashara alinitazama, kisha akatazama mabati, na nikaona hesabu inampita machoni. Alikuwa mtu wa heshima, aliniaga vizuri. Lakini alimwambia komisioneri kwamba atarudi, na mtu kama yule akisema atarudi anarudi. Nikajua kwamba kila senti niliyotia kwenye nyumba ile ilikuwa inaiuza kwa mwingine. Kama ningeiacha ioze, asingeingia hata uani.

Jumapili baada ya misa tukaenda Mangobo kwa mtoto wa kwanza wa mzee. Mikono mitupu haiendi kwenye maneno ya nyumba, kwa hiyo tulibeba kreti ya soda kwenye pikipiki, mume wangu akiikumbatia njia nzima. Warithi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na huyu mkubwa katikati, mtu mzima wa umri wangu, na mshipi wa marehemu kiunoni. Naujua mshipi ule. Soda zikafunguliwa. Tukasali. Tukamlilia mzee kidogo, kama inavyotakiwa. Kisha akataja bei: dola elfu sita.

Nilisema nyumba ya mzee, ile aliyonipangisha, haifiki hata nusu. Ukuta wa nyuma unaanguka. Zege la chini limepasuka mpaka mjusi anapita. Kilichobaki, mabati na mlango na nondo na choo, ni jasho langu, wakitoe kwenye bei kisha tuzungumze.

Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma.

"Mama, nani alikutuma?" alisema. "Papa alikuandikia karatasi? Leta karatasi."

"Papa yako alisema tutaelewana."

"Bon. Papa hayuko. Tutaelewana sisi. Nyumba iko na mabati, iko na mulango muzuri, bei yake njo hiyo."

"Mabati ni yangu!"

"Iko juu ya nyumba ya papa yetu. Donc, iko ya papa yetu."

Wadogo zake wakaitikia. Mume wangu akanigusa goti. Nikasimama, nikainama, nikachukua kreti. Zilikuwa zimebaki chupa saba za soda hazijafunguliwa, na niliondoka nazo mbele ya watu wazima wote wale, mume wangu akiomba radhi nyuma yangu kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa Kifaransa. Tulipoukaribia mto Tshopo akaanza kucheka, nami nikamwambia akicheka tena nitamtupa mtoni.

Sasa, hapa kwetu iko desturi moja ya wapangaji ambayo hakuna mwenye nyumba anayeipenda na hakuna anayeweza kuibishia: ulichoweka, ukihama, unakibeba. Nimeona watu wakihama na milango kichwani, na vitasa, na taa, mmoja alihama na sinki. Mkuu wa avenyu, msimamizi wa barabara yetu, anaitwa, anatazama kwamba hugusi cha mwenye nyumba, basi. Nilikaa siku mbili nikiifikiria hiyo desturi. Siku ya tatu nilimwita fundi na ngazi.

"Unahama kwenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Sihami. Natoa vyangu."

"Na sisi tutalala wapi?"

"Ndani."

Mkuu wa avenyu alikuja, akakuna kichwa, akasema hajaona mpangaji anayetoa paa akabaki chini yake, lakini haoni kosa. Fundi akapanda. Mume wangu alishika ngazi. Misumari ilikuwa na kutu, ikitoka kwa kulia, na kila bati lililoteremshwa nililipokea mwenyewe nikaliegemeza ukutani. Mlango tukautoa na bawaba zake. Nondo zikafuata. Majirani walikuja na viti. Nakiri kwamba asubuhi ile nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata kanisani.

Mama wa samaki alirudi kutoka sokoni mchana akakuta mbingu juu ya kitanda chake. Sikuwa nimemwambia. Kusema kweli sikuwa nimemfikiria hata dakika moja. Alisimama katikati ya chumba chake, beseni la samaki bado kichwani, akitazama juu. Mlango wake ulikuwa umebaki, kwa sababu ulikuwa wa kwake. Aliununua mwenyewe, mzito, baada ya wezi kumwibia mzigo mzima wa samaki, na sakafu ya saruji pia aliimwaga yeye.

"Na miye, mwanangu?" aliuliza.

"Ni siku chache tu, mama. Tutaelewana."

Aliteremsha beseni. Akasogeza kitanda kwenye kona ambapo boriti ilikuwa pana, akafunga turubai juu yake.

Mvua ilinyesha siku iliyofuata na siku ya pili yake. Mvua ya hapa siyo ya kuisimulia, inakuja na uzito wake wote. Watoto niliwapeleka kwa dada yangu. Cherehani niliifunika kwa magunia. Na ule ukuta wa nyuma, wa matofali mabichi, ambao kwa miaka yote ulikuwa umelindwa na mabati yangu, ulianza kulainika. Asubuhi ya pili kona yake ilikaa chini taratibu, mbele ya macho yangu, ikawa tope kwenye mtaro. Nilimtukana mtoto wa mzee kwa sauti, nikamtukana komisioneri, na katikati ya matusi nikatambua kwamba hakuna yeyote kati yao aliyemwita fundi na ngazi.

Mfanyabiashara alirudi kama alivyoahidi. Alisimama mlangoni, pale palipokuwa na mlango, akatazama ndani akaona mawingu. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa. Komisioneri alimfuata njiani akimweleza mambo, lakini mfanyabiashara aliwasha gari. Jioni mtoto wa mzee akapiga simu, na sauti yake niliisikia bila kuweka simu sikioni. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia: "Nyumba ya papa yako iko hapa. Kila kitu chake kiko. Njoo uhesabu."

Lakini kilichomaliza maneno sikukifanya mimi. Dada wa mzee alikuja kutoka Yangambi kwa mtumbwi wa injini, bibi mfupi mwenye fimbo, kwa sababu bila yeye warithi wasingeweza kuuza na walikuwa wamemwita aweke dole gumba. Alitaka kwanza kuiona nyumba. Akaketishwa uani kwenye kiti changu cha kushonea, akatazama paa, akatazama mabati yaliyoegemezwa ukutani, akauliza nani amefanya ujinga huu. Kila mtu akaninyooshea kidole, hata mume wangu, kwa macho.

Nikaeleza. Mtoto wa mzee akasema ni uongo, hakuna karatasi. Bibi akauliza kama kuna mtu aliyemsikia ndugu yake akisema neno hilo kwa kinywa chake.

Mama wa samaki alikuwa amekaa mlangoni kwake, turubai lake likidondosha maji. Alisimama, akafunga kitenge vizuri.

"Miye nilisikia," alisema. "Si mara moja. Muzee alikuwa anasimama hapa hapa, anasema, tengeneza tu, tutaelewana. Hata miye aliniambia hivyo, siku nilimwaga saruji. Mungu ananiona."

Alikuwa mtu wa mto kama wao, wa upande ule ule wa Isangi, na hakuwa na la kupata kwa kusema vile. Bibi alimtazama muda mrefu. Kisha akamgeukia mtoto wa ndugu yake na kumwambia, kwa Lingala na bila kupaza sauti, mambo kuhusu aibu ya marehemu ambayo yalimfanya yule bwana ainamishe kichwa mbele ya wadogo zake. Tukashuka mpaka elfu tatu na nusu. Wakatia sahihi wote, bibi akaweka dole gumba, na mimi nikaleta kreti nyingine, nzima.

Ningeweza kukomea hapo, na kwa wengi ninaowasimulia nakomea hapo. Wanacheka, wanasema mama wewe ni mwanaume. Kilichofuata sikisimulii.

Fedha zilikuwa zimekwisha. Shamba la Bengamisa limekwenda, likelemba imekwenda, na sasa ukuta wa nyuma ulikuwa shimo langu, na hakuna tena mtoto wa mzee wa kumtukana. Mabati yaliyotolewa hayarudi kama yalivyokuwa, matundu ya misumari hayakutani na boriti, na mengine yalikuwa yamepinda kwa haraka yangu. Mazuri niliyarudisha upande wetu. Yaliyobaki, yenye matundu, nikayaweka juu ya chumba cha mama wa samaki na kumwambia kwamba ni kwa muda. Muda ule ulikuwa miezi mitano. Kodi yake, ile aliyokuwa akiwalipa wao, sasa niliipokea mimi kila mwezi.

Alikuja kwangu barazani siku moja ya mvua, akasimama, hakukaa. Alisema kitanda kimeoza miguu. Alisema kwamba amepata mabati mawili ya bei nzuri kwa jirani, atayaweka mwenyewe, na kwamba tangu siku ya saruji na mlango hajawahi kuomba kitu, sasa anaomba kodi ya miezi miwili ipungue, tuelewane.

Nilikuwa na nguo ya harusi mkononi, ya mteja aliyekuwa ananisumbua tangu asubuhi. Nilikuwa nimetoka kubishana na muuza saruji. Nina visingizio vingi na vyote ni vya kweli. Sikuinua hata kichwa.

"Na hiyo saruji, mama, nani alikutuma?"

Mume wangu alikuwa ndani anasahihisha daftari. Nilisikia kalamu yake ikisimama.

Mama wa samaki alirudi kwake mvuani. Siku tatu hakukuwa na lolote, akaenda sokoni, akarudi, akasalimia. Nilitaka kwenda kumwambia kitu, kila jioni nilitaka, na kila jioni nikajiambia kesho, kwa sababu ningeanzia wapi? Siku ya nne nilisikia nyundo uani. Nilitoka. Fundi yule yule niliyemwita mimi alikuwa amepiga magoti, anafungua bawaba za mlango wake. Mkuu wa avenyu alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, na hakunitazama.

Alikuwa amelipa mwezi mpaka siku ile. Ufunguo alinipa mkononi, pamoja na kitasa chake cha zamani, kile cha mzee, alichokuwa amekihifadhi miaka yote ili asishitakiwe kwamba amekiiba. Wapwa zake wawili waliubeba mlango. Saruji hakuweza kuibeba. Miaka kumi na mmoja alikuwa ananiita mwanangu, na nilikuwa nikingoja aseme hivyo, hata kwa hasira.

"Mama bailleresse," alisema, "ubakie vizuri."

Wakatoka na mlango barabarani, yeye nyuma na beseni lake. Nilibaki uani nimeshika kitasa, natafuta mtu wa kumtukana. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye uwazi ulioachwa na mlango, anatazama sakafu ya saruji ambayo sasa ilikuwa yetu.

Ukuta wa mbele bado ni mweupe. Mume wangu ameniuliza mara mbili kama ayaandike tena yale maneno mekundu, nami sijamjibu.